Aliyeshinda Bila Kushika Usukani: Mille Miglia ya 1955

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, na ninyi vijana wa gereji mliojazana huko nyuma, hamjambo.

Najua mlitarajia nianze na injini. Nitaifikia. Lakini hoja yangu leo ni hii: ushindi unaosifiwa kuliko wote katika mbio za barabarani za miaka ya hamsini ulimtegemea sana mtu ambaye hakushika usukani hata dakika moja.

Mbio zenyewe ni Mille Miglia ya Italia, yaani maili elfu moja. Zilianza 1927. Magari yanatoka Brescia kaskazini, yanateremka upande wa bahari ya Adriatiki hadi Pescara, yanakata milima kwenda Roma, kisha yanapanda kurudi Brescia kupitia Siena, Florence na Bologna. Karibu kilomita 1,600, na kote ni barabara za kawaida: ukuta wa nyumba huku, mti kule, watu wamesimama ukingoni wakinyoosha shingo. Ninyi mliokula vumbi Naivasha siku za Safari Rally mnaijua hali hiyo.

Magari hayakuondoka kwa pamoja. Yaliyoondoka mapema yalikuwa madogo na ya polepole, tangu usiku wa kuamkia mbio. Yenye nguvu yaliachiwa asubuhi, moja moja kwa kupishana dakika. Namba iliyoandikwa ubavuni ndiyo saa ya kuondoka. Kwa hiyo gari namba 722 liliondoka saa 7:22 kwa saa za Wazungu, kwetu saa moja na dakika 22 asubuhi. Hiyo ilikuwa tarehe 1 Mei 1955. Zaidi ya magari 500 yalishiriki, na mwenye gari la kasi alilazimika kuyapita mengi ya yale yaliyomtangulia.

Namba 722 lilikuwa Mercedes 300 SLR. Haya sasa, injini: silinda nane kwa mstari mmoja, ujazo wa lita tatu, nguvu za farasi kama 300, petroli ikipulizwa moja kwa moja kwenye silinda badala ya kupita kabureta. Bodi ni ya madini mepesi ya magnesi. Kwenye barabara iliyonyooka lilikaribia kilomita 270 kwa saa, halina paa, na breki zake ni za ngoma. Breki za ngoma, vijana! Wakati huo Jaguar walikuwa wameshashinda Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, kwa breki za diski, ambazo ni bora zaidi, 1953.

Dereva alikuwa Mwingereza Stirling Moss, miaka 25. Na hapa ndipo penye tatizo. Waitaliano waliijua ile njia tangu utotoni. Mgeni atakariri vipi kona za kilomita 1,600? Hazikaririki.

Aliyeketi kando yake kama mwelekezi, yaani wa kumsomea njia, ni Denis Jenkinson, mwandishi wa gazeti la Motor Sport, mtu mfupi mwenye ndevu nyingi. Msimdharau kwa kuwa ni mwandishi. 1949 alikuwa bingwa wa dunia pamoja na Eric Oliver kwenye pikipiki zenye kigari cha ubavuni, na kazi yake ilikuwa kujirusha huku na huku ili kile chombo kisipinduke. Kuogopa kasi hakujui. Wazo la kuiandika njia, kwa haki, alikuwa amelijadili kwanza na Mmarekani John Fitch, ambaye alimwachia Moss mwelekezi huyo. Fitch mwenyewe siku ile alimaliza wa tano kwa 300 SL, gari jingine la Mercedes.

Basi Moss na Jenkinson wakaizunguka njia tena na tena kabla ya mbio. Katika mazoezi hayo waligongana na lori la jeshi, gari likaharibika. Jenkinson akaandika kila kitu: kona akizigawa kwa madaraja matatu ya hatari, vilima visivyoonyesha kilichoko upande wa pili, reli, madaraja. Maandishi yakahamishiwa kwenye karatasi moja ndefu, mita 5 na ushee, iliyoviringishwa kwenye vijiti viwili ndani ya kasha la alumini lenye kidirisha. Anakisoma kipande kilichoonekana, anazungusha, kinatokea kingine. Mvua ikinyesha, karatasi hailowi.

Amwambieje dereva? Walijaribu simu ya ndani, lakini Moss akizama kwenye uendeshaji, maneno hayakumwingia. Wakatunga ishara za mkono. Fikirieni kilima mbele, huoni kitu, mwenzako ananyoosha mkono kukuambia nenda, kanyaga mpaka mwisho. Moss alikanyaga. Kuna mahali gari liliruka likaelea hewani kabla ya kutua.

Haikuwa safari tamu. Jenkinson alitapika ubavuni mwa gari, upepo ukaipeperusha miwani yake. Alikuwa na ya akiba, akaivaa, akaendelea kusoma. Na Moss naye alikosea: Padova aliparamia marobota ya majani makavu, Eugenio Castellotti akampita na Ferrari. Castellotti akaendesha kwa hasira, akazitafuna tairi zake, baadaye gari likamfia njiani.

Mbio hizo zilikuwa na msemo wake: anayeongoza Roma haongozi Brescia. Moss aliongoza Roma. Akafika Brescia wa kwanza, kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48, wastani wa zaidi ya kilomita 157 kwa saa. Juan Manuel Fangio, gwiji wa dunia, mwenye gari la aina ile ile lakini akiwa peke yake bila mwelekezi, alikuwa wa pili, nyuma kwa dakika 32 hivi.

Mtanipinga, na mna haki: injini ya Fangio ilipata hitilafu, ikafanya kazi kwa silinda saba. Piero Taruffi, dereva wa Ferrari, naye aliharibikiwa. Karatasi haikuyavunja magari ya wengine. Lakini muda ule hautokani na ubovu wa jirani. Kijana mgeni alizipita kwa kasi kona ambazo mwenye akili timamu angepunguza, kwa sababu kuna mtu kamwambia kilichoko ng'ambo, naye akamwamini. Waelekezi mnaowasikia kwenye Safari leo wanafanya kazi ya ukoo huo huo.

Wiki sita baadaye, tarehe 11 Juni, 300 SLR ya Pierre Levegh iliruka kwenye umati Le Mans. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mercedes wakajitoa mbioni mwisho wa mwaka. Mille Miglia yenyewe iliendelea hadi Mei 1957, tairi ya Ferrari ya Alfonso de Portago ilipopasuka karibu na Guidizzolo. Alikufa yeye, mwelekezi wake Edmund Nelson, na watazamaji tisa, watano wakiwa watoto. Serikali ikazipiga marufuku mbio hizo, na muda wa Moss na Jenkinson haukuvunjwa.

Haya, maswali. Naanza na mzee pale mbele.