Kisu cha kukunja kutoka Sheffield: mwambie fundi kitaishi Dar

Wana Dar, habari za huko. Leo ni kisu cha mfukoni, kile cha kukunja, kinachotengenezwa kwa mkono na fundi mmoja kuanzia kipande cha chuma mpaka kunoa. Mnauliza kama mtu akiwa Tabata au Mbagala anaweza kuagiza kwa fundi wa huku Sheffield, Uingereza. Anaweza, tena kwa simu tu. Umbali siyo shida. Shida ni ile oda ya "Bosi, nitengenezee kisu kizuri cha kizamani." Fundi anakupa ulichoomba: kisu kizuri, chuma cha kizamani, na masika ya kwanza yakipita kinagoma kufunguka kwa kutu.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya oda iwe hivi: kisu kitatumika Dar es Salaam, kitakaa mfuko wa suruali, kitakutana na jasho, upepo wa chumvi na embe. Mengine yote yanatoka hapo.

Mtindo. Kwa mtu anayeagiza mara ya kwanza, chukua Barlow. Asili yake ni hapahapa Sheffield, ingawa Wamarekani waliupenda mpaka watu wanadhani ni wa kwao. Utaujua kwa bolsta ndefu, kile kipande cha chuma kichwani mwa mpini, ambacho kwenye Barlow hufunika karibu theluthi ya mpini mzima. Siyo urembo. Pale ndipo inapopita pini inayoshika ubapa, yaani ile sehemu inayokata, na ndipo kisu cha kukunja kinapochoka kwanza. Kikifungwa, kipimo chake cha kawaida ni milimita 86, na ubapa unabaki kama milimita 63. Kipimo hicho kina faida nyingine: sheria ya Uingereza inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na loki, makali yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, bila kuulizwa sababu. Ndugu yako wa huku atakayekwenda kukuchukulia hatapata tabu njiani.

Umbo la ubapa omba Lambfoot, nalo ni la Sheffield. Makali yake yamenyooka kama rula, mgongo ndio unaoshuka kuelekea kwenye ncha. Makali yaliyonyooka yananoleka kwenye jiwe bapa bila ufundi wowote, yote yanagusa kwa mpigo mmoja. Kumenya chungwa, kukata kamba, kufungua boksi, hapo hakuna mpinzani. Dafu liache kwa panga, tafadhali.

Sasa chuma, na hapa sikilizeni vizuri. Mafundi wengi wa hapa wanapenda chuma cha kaboni kama O1. Ni chuma kizuri sana, kinashika makali, kinanoleka haraka. Lakini kina kromiamu kama nusu asilimia tu, na ili chuma kijikinge na kutu kinahitaji kuanzia kama asilimia 11 au 12. Embe moja tu ubapa unabadilika kuwa wa kijivu na bluu. Hiyo rangi haina ubaya, ila vidoa vyekundu vitakavyofuata ndivyo vinavyokula makali. Kwa Dar omba stenlesi: AEB-L, 14C28N au N690, ugumu wa 59 hadi 61 kwa kipimo cha Rockwell, kile cha ugumu wa chuma. Na kabla hamjaniuliza habari za fundi wa Gerezani na springi ya gari: ndiyo, springi ya gari inatoa kisu kikali, lakini nayo inashika kutu, na panga linamsamehe fundi makosa ambayo kisu cha kukunja hakiyasamehi.

Hapa ndipo watu wanapigwa. Unaagiza ubapa wa stenlesi, fundi anauweka. Springi ya mgongoni, kile chuma kinachoubana ubapa, hukuitaja, naye anaweka ya kaboni, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Nje kisu kinang'aa. Ndani, kati ya springi na sahani za pembeni, jasho linaingia na halitoki, kutu inavimba, ubapa unaanza kukwaruza. Pale huwezi kufika na kitambaa. Andika kwa maneno kamili: ubapa NA springi, vyote stenlesi. Zile sahani mbili nyembamba za ndani zinazoshika kila kitu, kwa kawaida ni za brasi. Brasi ikikutana na chumvi inatoa ule ukungu wa kijani, tena ikigusana na chuma cha kaboni kwenye unyevu, chuma kinaliwa haraka zaidi. Omba sahani za stenlesi pia. Atalalamika kwamba ni ngumu kutoboa. Ni kweli. Mwongezee hela.

Springi yenyewe ndiyo roho ya kisu cha aina hii. Hakina loki, kinachozuia ubapa kukurudia vidoleni ni msukumo wa springi kwenye shina la ubapa, ile sehemu isiyokata inayoingia ndani ya mpini, basi. Springi inatakiwa iwe laini kuliko ubapa, Rockwell 45 hadi 50 hivi. Ikiachwa ngumu kama ubapa, siku moja inakatika. Ikilainishwa kupita kiasi, inapinda moja kwa moja na ubapa unalegea. Unene wa shina na springi ni kama milimita 2.5, na fundi anayejua kazi anakwangua kama sehemu 5 za mia za milimita pembeni mwa shina, ili ubapa usisuguane na sahani kila ukifunguka. Asipofanya hivyo utaona mikwaruzo ya duara karibu na pini ndani ya wiki.

Uzito wa kufungua mwambie kwa namba. Wenye visu hivi hupima kwa makadirio, 1 hadi 10. Moja unafunguka ukiutikisa, kumi unang'oa kucha. Omba 5. Vidole vyenye jasho haviwezi 7. Kama unatumia mkono wa kushoto sema mapema, maana kile kikato cha kuingizia ukucha kinawekwa upande mmoja tu, na kikishachongwa hakihamishiki. Unaweza pia kuomba kituo cha nusu njia, pale ubapa unaposimama kwenye nyuzi 90. Wapo wanaokiona ni madoido. Kwangu mimi ni usalama: wakati wa kufunga, ubapa unatulia kabla ya kufika kwenye vidole.

Vibao vya mpini: mpingo. Nani atoke Dar aagize pembe ya kulungu? Mpingo hauhitaji rangi, ukitiwa majini unazama, na ukisuguliwa kwa msasa mpaka namba 2000 unang'aa wenyewe. Ila msifanye ule mpango wa kununua vipande Mwenge na kuvituma kwa bahasha. Tangu Januari 2017 mpingo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na ndugu zake wa jamii ya Dalbergia, na mbao ambazo hazijakuwa bidhaa zinahitaji kibali kutoka nje ya nchi. Huku Uingereza mpingo unauzwa kihalali na wauzaji wa mbao za kutengenezea klarineti, obo na zumari za Uskochi. Fundi anaununua mwenyewe akiwa na karatasi zake. Ukitaka uliovunwa vizuri, ulizia wenye cheti cha FSC, kile cha misitu inayotunzwa vizuri. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilianza kupata cheti hicho mwaka 2009. Kurudi nyumbani hakuna shida, kwa sababu bidhaa iliyokamilika isiyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja haihitaji kibali cha CITES. Pembe ya ndovu usiitaje kabisa, hata uambiwe ni ya babu yake Malkia. Sheria ya mwaka 2018 inakataza biashara yake huku, isipokuwa mambo machache sana.

Mpingo una mafuta yake ya asili, na mafuta hayo yanafukuza gundi. Fundi aupanguse kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka epoksi, halafu apigilie ribiti; asitegemee gundi peke yake. Mbao ziwe zimekauka sawasawa, yaani zikipimwa kila wiki uzito haupungui tena. Mbichi zikichongwa, ufa unaanzia kwenye tundu la ribiti.

Baada ya hapo omba mchoro wa ukubwa halisi. Printi kwa asilimia 100 pale duka la kuprinti la karibu, pima kwa rula uone kama zile 86 ni 86 kweli, bandika kwenye kadibodi ngumu, kata, tia mfukoni siku mbili tatu. Kubadilisha kadibodi ni bure.

Bei ni mamia ya pauni, siyo makumi. Mtu akikuambia pauni 30 amefanya kwa mkono, alichofanya kwa mkono ni kufungua boksi. Foleni inaweza kuwa miezi, kwa wenye majina ni miaka. Marehemu Stan Shaw, fundi visu wa hapa Sheffield aliyeingia kazini akiwa na miaka 14 na kufariki 2021, wateja walimsubiri miaka. Lipa advansi, kiasi cha kununua chuma na mbao; zilizobaki lipa baada ya kutumiwa video.

Na video hiyo uipange wewe. Kwanza akishike kisu mbele ya dirisha, kikiwa wazi kisha kikiwa kimefungwa: mwanga usipite kati ya springi na sahani. Mgongo wa springi uwe sawasawa na sahani hali zote mbili, na pale kwenye kituo cha nusu pia kama umeomba. Pili, ubapa ukifungwa ukae katikati, usiegemee upande. Tatu, aubane kwa vidole autikise kushoto kulia. Ukicheza, pini haijapigwa vizuri. Nne, aufunge kwa kuuachia, kisha aonyeshe makali kwa karibu. Kile kisigino kidogo kwenye shina ndicho kinachotakiwa kutua kwenye springi. Kikichongwa kupita kiasi, makali yenyewe yanagonga springi, na utaona kidoa butu mahali palepale kila ukinoa. Hicho rudisha, usikubali "ukizoea kitakaa sawa".

Kusafirisha: mtu akikuletea, kiende kwenye begi la chini, kamwe siyo la mkononi. Kikija kwa kampuni ya kusafirisha, aulize kwanza kama wanapokea visu, na risiti iandikwe bei ya kweli. TRA watakutoza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kikifika, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini, fungua funga mara kumi, futa. Mafuta ya kupikia hapana, yanageuka gundi humo ndani. Ukienda nacho Kigamboni, jioni kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kikaushe kikiwa wazi, rudia tone lile.