Kitanda Hiki Analipia Nani?

ZAWADI: Hamjambo wapenzi wasikilizaji. Mimi ni Zawadi, niko Tacoma, jimbo la Washington. Mwenzangu ni Mutua, mhasibu, yuko upande wa Seattle. Wengi mnaotusikiliza mnafanya kazi ya wazee, na haipiti wiki bila mtu kunipigia: "Dada, nataka kufungua nyumba yangu ya kulea wazee, nianzie wapi?" Leo ni pesa tu.

MUTUA: Na tuanze na swali ambalo watu huliruka. Wazee wapo. Kile kizazi kikubwa cha baada ya vita kilianza kuzaliwa 1946, hivyo wa kwanza wao wanafikisha miaka 80 mwaka 2026. Swali ni, kitanda hiki analipia nani?

ZAWADI: Hapo tueleze polepole, kaka, maana hata wauguzi wenzangu huchanganya Medicare na Medicaid.

MUTUA: Medicare ni bima ya serikali kuu kwa waliofika miaka 65. Hailipii mzee kukaa, inalipia kupona. Mama amevunjika nyonga, amelazwa hospitali siku 3 au zaidi, anapelekwa kituo cha uuguzi kupata nguvu. Siku 20 za kwanza Medicare inalipa zote. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 anachangia, na mwaka 2025 mchango huo ulikuwa dola 209.50 kwa siku. Ikifika 100, basi. Anaanza kula akiba yake, na ikiisha ndipo Medicaid inaingia, ule mpango wa watu wa kipato kidogo. Katika vituo vya uuguzi, wakaazi kama 6 kati ya 10 wanalipiwa na Medicaid.

ZAWADI: Ambayo wenye vituo hawaachi kuilalamikia.

MUTUA: Wanasema haifikii gharama. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Medicare, inayolipa vizuri zaidi, ndiye aliyekuwa akiziba hilo pengo. Sasa zaidi ya nusu ya wenye Medicare wamejiunga na mipango inayoendeshwa na kampuni za bima. Hizo kwa kawaida hulipa kidogo kwa siku, hutaka kibali kwanza, na humtoa mgonjwa mapema. Kwa hivyo unaweza kuwa na vitanda vimejaa na bado ukashindwa kulipa mishahara.

ZAWADI: Hiyo nimeiona. Niliwahi kufanya shifti za usiku katika kituo kimoja, sitakitaja. Tulikuwa wawili kwa wakaazi 28. Usiku mmoja glavu zikaisha. Kabati limefungwa, na msimamizi anasema oda imepunguzwa hadi mwisho wa mwezi. Kulikuwa na mzee aliyekuwa mwalimu, alihitaji kugeuzwa kila saa 2 asipate vidonda vya mgongo. Nilipochelewa akaniambia, "Nenda kwanza kwa yule anayelia, mimi nitangoja." Nilitoka nje ya kile chumba nikalia. Nilidhani mwenye kituo ameishiwa.

MUTUA: Pengine hakuishiwa. Uliza pesa zinapita wapi kabla ya kufika kwenye lile kabati. Chukua HCR ManorCare, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za vituo hivi Marekani. Mwaka 2007 Carlyle, kampuni ya uwekezaji, iliinunua kwa takriban dola bilioni 6.3. Mwaka 2011 majengo yakauzwa kwa HCP, kampuni ya majengo, kwa bilioni 6.1. Wazee hawakuhama, wauguzi hawakuhama, lakini ManorCare ikawa mpangaji ndani ya nyumba zilizokuwa zake. Kodi ya pango ilikaribia nusu bilioni kwa mwaka, na kwa mkataba ilipaswa kupanda kila mwaka. Mwaka huohuo Medicare ikapunguza malipo ya vituo kwa asilimia 11.

ZAWADI: Na kodi haikushuka.

MUTUA: Mwaka huo haikushuka. Ilipunguzwa 2015, ila haikutosha. Machi 2018 wakaenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi. Genesis, kampuni nyingine kubwa, ikafuata njia hiyo Julai 2025.

ZAWADI: Ndiyo maana ule mjadala wa idadi ya wauguzi uliniuma. Mwaka 2024 serikali ilitoa kanuni, angalau saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkaazi kwa siku. Wenye vituo wakasema hawana pesa, jaji wa Texas akaifuta, na sheria ya Julai 2025 ikazuia utekelezaji wake hadi 2034.

MUTUA: Kuna vituo vya vijijini ambavyo kweli vingefungwa, dada.

ZAWADI: Sikatai. Lakini mwenye kituo aonyeshe kwanza mkataba wake wa kodi.

MUTUA: Sawa. Sasa tuje kwenye nyumba ndogo za kulea wazee, zile ambazo hapa Washington sheria inaruhusu wakaazi 6, au hadi 8 kwa kibali. Mkopo wa dola 600,000 wa miaka 30, kwa riba ya asilimia 3 ya mwaka 2021, ulikuwa kama 2,530 kwa mwezi. Riba ilipofika asilimia 7 mwaka 2023, ukawa kama 3,990. Nyumba ni ileile, wazee walewale, na dola 1,460 zimekwenda kila mwezi kabla hujanunua glavu.

ZAWADI: Mwaka jana bibi mmoja katika nyumba yangu ya wazee aliishiwa akiba. Binti yake alikuja na karatasi ya benki, akaiweka mezani, hakuweza kusema. Nilikuwa nimeshasaini mkataba na jimbo wa kupokea wazee wa Medicaid, kwa hivyo bibi alibaki katika chumba chake cha dirishani, anapotazama ndege. Malipo yalishuka sana. Shifti za Jumapili sasa nazifanya mwenyewe.

MUTUA: Na hesabu zinakubali?

ZAWADI: Wakiwa 2 kama yeye, ndiyo. Wakiwa 4, mlango unafungwa. Nalijua hilo kwa sababu ulinikalisha chini tukaliandika kabla sijachukua mkopo.

MUTUA: Wiki ijayo tutaifungua karatasi hiyo, mstari kwa mstari. Aliye na mkataba wa kodi mkononi na hajasaini bado, asubiri kipindi hicho.