Kumbi la Nazi na Kamba za Pwani

Mabibi na mabwana,

Mnazi ukitajwa, wengi wetu hufikiria tui, madafu na makuti, nami sitakaa hapo kwa kuwa hayo kila mmoja ameyakuta kwao. Nataka kulizungumzia kumbi, ambalo leo huishia jaani au jikoni kama kuni, ilhali kwa maoni yangu ndilo lililotufikisha baharini.

Kina mama wa mashariki ya Unguja, katika vijiji kama Jambiani na Bwejuu, hungoja maji yatoke, wakachimba mashimo ufuoni, wakayafukia makumbi na kuyawekea mawe ili bamvua lisiyachukue. Humo hukaa miezi kadhaa, na vijidudu vya majini hula kile kinachozigandisha nyuzi pamoja, lakini nyuzi zenyewe, kwa ugumu wake, husalimika. Harufu ya siku ya kufukua si ya kusimuliwa mbele ya wageni. Kisha makumbi hupondwa kwa gongo mpaka unga wote utoke, na usumba unaobaki huoshwa, huanikwa na kusokotwa kwa viganja kuwa kamba.

Kamba hiyo haiogopi maji ya chumvi. Ndiyo iliyowambiwa vitanda na kufungia boriti, na ndiyo iliyoshonea mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu kilichokwenda kwa tanga la mkeka na ambacho mbao zake hazikupigwa misumari ya chuma. Mfanyabiashara mmoja wa Misri, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 1, alikwishataja mashua za kushonwa katika pwani hii. Chombo cha namna hiyo kilipogonga mwamba, mbao zilinepa badala ya kupasuka. Hata hivyo tusikipambe kupita kiasi, kwani kilivuja, mabaharia hawakupumzika kufua maji, na mishono ilihitaji kurudiwa kila baada ya muda. Si ajabu kwamba majahazi ya misumari yalikishinda.

Usumba nao umepata mshindani wake. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kina mama wengi wameacha makumbi kwa sababu mwani uliwaletea fedha mapema zaidi, na mwani huo, katika ufuo uleule, hufungwa kwa kamba za plastiki.