Kwa Nini Darubini ya Jua Iliwekwa Ziwani

Ndugu zangu, walimu, nanyi wanafunzi, asanteni kwa kuja na joto hili. Nianze na mliyoyaona njiani. Ukiwa kwenye daladala Barabara ya Morogoro saa nane mchana, tazama lami ya mbele: utadhani kuna maji, na magari ya mbali yanayumbayumba. Ni mazigazi. Lami imechemka, hewa iliyo juu yake imechemka pia, na mwanga ukipita humo unapindapinda.

Sasa anayechunguza Jua anafanya kazi saa hizohizo. Wenzake wa nyota hungoja usiku ardhi ipoe. Yeye atangoja nini? Mwanga anao tele, hata wa kumpofusha. Anachokosa ni hewa iliyotulia.

Ndiyo maana mwaka 1969, huko California, Marekani, kituo cha Big Bear, chenye darubini za kuchunguzia Jua, kilijengwa ndani ya ziwa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji hayapati moto upesi kama ardhi, kwa hiyo hewa inayopita juu yake haichafuki sana.

George Ellery Hale, mtaalamu wa nyota wa Marekani aliyeanzisha kituo cha Mount Wilson, hukohuko California, mwaka 1904, yeye alikimbilia juu. Alijenga minara, vioo vikakaa kileleni, mbali na joto la ardhini. Mwaka 1908, kwa mnara wa futi 60, aligundua kwamba madoa ya Jua, yale mabaka meusi usoni pake, yana nguvu kubwa za sumaku. Ilikuwa mara ya kwanza sumaku kugunduliwa nje ya Dunia. Kila nikilisimulia jambo hili nasisimka: mtu amepima sumaku iliyo umbali wa kilomita milioni 150, akiwa na mwanga tu mkononi!

Hapa leo hatuna mnara. Tuna boksi hili la viatu. Nimelitoboa tundu la pembetatu, dogo kama punje ya mchele. Naliweka dirishani, na wewe kijana shika karatasi nyeupe hatua tatu nyuma. Mnaona? Duara, si pembetatu. Hiyo ni sura ya Jua lenyewe. Madoa hayataonekana, picha ni ndogo mno. Tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipopatwa, chini ya mwembe wetu kila tone la mwanga lilikuwa hilali. Majani yalifanya kazi ya boksi hili.

Jua lenyewe msilikodolee macho kamwe, hata kwa miwani ya kawaida. Tazameni karatasi. Haya, wadogo watangulie mbele.