Anwani ya Redio Ipangwe Kabla Hujapanda Paa

Habari za asubuhi, vijana. Karibuni Moshi, hasa ninyi mliotoka Arusha alfajiri.

Nianze na redio hii niliyoishika, ile ya kurusha intaneti hewani kutoka paa moja hadi jingine. Redio nyingi za aina hii hutoka kiwandani zikiwa na anwani moja ya mtandao (IP): 192.168.1.20. Ukinunua mbili, zote ni pacha. Ukizifunga kama daraja, moja huku na nyingine ng'ambo, intaneti inapita vizuri kabisa, maana kwenye daraja anwani ya redio ni ya kuisimamia tu, yaani kuifungua kwa laptopu na kubadilisha mipangilio yake. Hapo ndipo kosa linapojificha.

Laptopu yako ikiitafuta 192.168.1.20, inauliza mtandao mzima: nani mwenye anwani hii? Zinajibu mbili, kila moja na anwani yake ya MAC, ile ya biti 48 iliyopewa kiwandani. Laptopu inashika jibu moja. Lipi? Hujui.

Yalinikuta Kibosho, kwenye shule moja. Nimekaa juu ya paa, nikabadilisha masafa nikidhani ni ya redio iliyo mbele yangu. Kumbe iliyojibu ni ya ng'ambo ya bonde. Mawasiliano yakakatika saa kumi jioni, ukungu umeshashuka, na ngazi iko upande huu. Walimu walikaa siku mbili bila mtandao kwa sababu yangu, na bado inaniuma.

Kwa hiyo, daftari kwanza: andika anwani ya kila redio kabla ya kupanda. Anwani zinazoanza na 10 zimetengwa kwa mitandao ya ndani, hazitumiki kwenye intaneti ya nje. Chukua 10.20.4.0 na maski, namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao, ya 255.255.255.0: una anwani 254. Za mnarani zipe namba za chini, za wateja anzia 50. Usiiachie rauta igawe yenyewe anwani za redio. Umeme ukikatika na kurudi, unaweza kuikuta redio imehamia namba nyingine, nawe uko Himo.

Na msishtuke: ukishahifadhi anwani mpya, ukurasa wa mipangilio ya redio utaganda. Redio haijafa, imehama. Ihamishe na laptopu yako kwenye mtandao huohuo, uifuate.

Namba iandikeni pia ndani ya boksi la redio, msiandike nje, jua hufuta wino.

Sasa kila meza ina redio mbili. Washeni moja tu. Laptopu ipeni 192.168.1.5, tuanze.