Uchakavu wa Herufi Uwe na Sababu

Mabibi na mabwana, walionisikia zamani wanajua ninakoelekea, lakini kosa lingali linarudiwa kwenye mabango, basi nami narudia: fonti (seti ya herufi za kompyuta) nene iliyobanwa, yenye sura ya chapa iliyochakaa, haistahili kupewa uchakavu usio na sababu.

Zamani mabango yalichapwa kwa vipande vya herufi vilivyopakwa wino. Herufi kubwa za madini ya risasi zilikuwa nzito na ghali, na uso wake haukupoa sawasawa. Ndiyo maana mashine ya kuchonga herufi za mbao aliyoibuni Darius Wells mjini New York mwaka 1827 iliwafaa sana wachapaji wa mabango. Mwaka 1834 William Leavenworth akaiunganisha na pantografu, yaani kifaa cha kunakili umbo kwa ukubwa tofauti, kielelezo kimoja kikazaa herufi za ukubwa mbalimbali. Herufi ilibanwa mbavuni ili neno refu lienee katika upana wa karatasi bila kupoteza kimo.

Mbao yenyewe, hasa ya mti wa mepo (maple), ilikatwa kwa kukingamisha nyuzi ili uso ustahimili mgandamizo, lakini haikuepuka kugongwa na kuanguka. Pembe zilitangulia kulika. Mkwaruzo ulitoka kama mstari mweupe, kwa kuwa wino hupakwa juu ya uso na haufiki ndani ya ufa. Herufi iliyopungua kimo kuliko jirani zake ilitoka hafifu. Na wino uliozidi ulisukumwa pembezoni, ukaacha ukingo mweusi kuliko katikati. Kila alama ilikuwa na chanzo. Leo tunauziwa madoa yaliyonyunyizwa sawasawa juu hadi chini kama unga mezani, tukiambiwa kwamba huo ni ukale!

Linaloniudhi zaidi ni marudio. Andikeni TAMASHA, mtazame A tatu zenye kovu moja mahali palepale. Mtasema kwamba hata A za mchapaji wa zamani zilifanana. Hazikufanana, kwa sababu kila A ilikuwa kipande cha mbao kinachojitegemea, na kipande kimoja hakiwezi kukaa mahali pawili katika mstari mmoja. Dawa ipo: mfumo wa faili za fonti uitwao OpenType, uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, huruhusu fonti kubadilisha herufi yenyewe kulingana na jirani zake. Lakini A mbili zinazopokezana hazitoshi, maana katika TAMASHA ya tatu itarudia ya kwanza. Kiswahili hurudisha irabu upesi mno. Kwa hiyo mbunifu anayetujali achore A tatu au zaidi, na aanze na irabu kabla ya konsonanti.

Muda umenibana, nitamalizia kwa haraka. Tarehe na mahali pa shughuli viandikwe kwa herufi safi, kwa kuwa katika ukubwa mdogo mikwaruzo huziba na kuharibu usomaji. Nanyi mnaokata stika kwa mashine, daini toleo la fonti lisilo na madoa, kwani kila doa ni njia nyingine ambayo kisu kitalazimika kuifuata.