Ofisi ya kwanza: watu wako unawakabidhi kwa nani?

Asalaam alaikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote. Nawashukuru mlioacha zamu za Jumamosi mkaja. Najua humu ndani wapo waliokwisha kufaulu mtihani na wapo wanaomalizia saa 180 za masomo ya uajenti wa nyumba. Kusoma saa 180 ukitoka kazini usiku, hospitalini au ghalani, ni kazi kubwa, na nawapongeza kwa dhati.

Sikuja kuwaeleza namna ya kupata wateja. Nimekuja kuzungumzia siku ile leseni inapotoka TREC, tume inayosimamia kazi yetu ya kuuza na kununulia watu nyumba hapa Texas, ukaisoma na kukuta haijaanza kufanya kazi. Haifanyi kazi mpaka apatikane broka, yaani mwenye leseni ya juu anayesimamia maajenti, wa kukudhamini. Ajenti mpya hasimami peke yake. Wiki hiyo hiyo simu zinaanza: kampuni hii inakupa asilimia 70 ya kamisheni, ile 80, nyingine inakuambia chukua yote. Unajiona unatafutwa, na furaha hiyo inaharakisha mkono wa kusaini.

Kule nyumbani, Kariakoo au Eastleigh, dalali ni mtu na jina lake. Anajua chumba gani kimeachwa, anakupeleka, mnapatana, anapokea chake mkononi. Mteja ni wake, na sifa, njema au mbaya, ni yake. Wengi wetu tumekuja Texas na picha hiyo kichwani, lakini sheria ya hapa imepanga mambo vingine. Sura ya 1101, inayohusu leseni zetu, inamkataza ajenti kupokea kamisheni kwa mtu yeyote isipokuwa broka wake. Mkataba wa kumwakilisha mnunuzi unausaini wewe, lakini kwa niaba ya broka. Nyumba uliyokabidhiwa uiuze, ukihama kampuni kesho, inabaki kwa broka mpaka yeye akubali kuiachia. Na tangu tarehe 17 Agosti 2024, kufuatia suluhu ya ile kesi kubwa ya chama cha taifa cha maajenti, mnunuzi anatakiwa awe amesaini makubaliano kabla ya kuzungushwa kuona nyumba. Maana yake, kabla hujamfungulia shangazi yako mlango wa nyumba ya kwanza, shangazi ameshaandikishwa kwa broka wako.

Sasa shangazi huyo ameletwa na nani? Umemleta wewe. Mlikutana msibani, au kwenye chama cha akina mama, au baada ya swala ya Ijumaa. Yeye hamjui broka. Siku mambo yakiharibika hatalitaja jina la broka, atataja lako, na atalitaja mbele ya watu ambao mtazikana nao. Ndiyo maana swali la "nitabaki na asilimia ngapi" naliweka la pili. La kwanza ni hili: watu wangu nawapeleka mikononi mwa nani?

Nitawaeleza yaliyonipata, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha.

Ofisi yangu ya kwanza niliichagua kwa asilimia. Niliambiwa kamisheni yote ni yangu, mimi nilipe ada ndogo kwa kila nyumba. Mteja wangu wa tatu alikuwa mama mmoja aliyedunduliza miaka mingi. Tulipata nyumba, akatoa arubuni ya dola 4,000, na tukalipia siku saba za kujitoa. Mnajua kwa mkataba wa Texas, ndani ya siku hizo mnunuzi anaweza kujitoa bila kueleza sababu na arubuni yake ikarudi. Siku zinahesabiwa zote, Jumamosi na Jumapili zimo, na ya mwisho inakwisha saa kumi na moja kamili jioni.

Mkaguzi akakuta msingi umepasuka. Udongo wa Dallas mnaujua: ukinywa maji unavimba, kiangazi unasinyaa, na nyumba inayumba juu yake. Gharama ya kuutengeneza mama asingeiweza. Ilikuwa Jumapili, siku ya saba, saa kumi jioni. Nikampigia broka mara sita, hakupokea. Nikafanya nililoliona sawa: nikamtumia ajenti wa muuzaji ujumbe wa simu kwamba mteja wangu anajitoa. Akajibu, "Nimeona." Nikashusha pumzi.

Ujumbe wa simu haukuwa ilani halali. Kipengele cha ilani kinataka maandishi, na kinataja njia zake: kwa posta, kwa mkono, kwa faksi, au kwa barua pepe iliyoandikwa kwenye mkataba. Ujumbe wa simu haumo. Muuzaji alipopata mwanasheria, saa kumi na moja ilikuwa imeshapita siku nyingi, na zile dola 4,000 hazikurudi.

Broka alinipigia Jumanne asubuhi. Na hili ndilo nataka mlibebe: hakuvunja kanuni. Kanuni za TREC zinamtaka broka amjibu ajenti wake ndani ya siku mbili za kalenda, na alinijibu ndani ya siku mbili. Kanuni ni sakafu tu, na mteja wangu aliangukia sakafuni.

Kwa hiyo mkiitwa kwenye usaili, kumbukeni kwamba na ninyi mnamsaili broka. Muulizeni: Jumapili saa kumi jioni, simu yangu inapokelewa na nani? Usikubali jibu la "tuko pamoja kama familia". Taka jina na namba. Halafu fanya jambo moja ambalo wachache hulifanya: omba namba za maajenti wawili walioingia mwaka jana, si wale wenye picha zao ukutani, uwaulize mara ya mwisho walipokwama walisaidiwa na nani, na baada ya muda gani. Omba pia kuona mwongozo wa ofisi. Broka anayedhamini maajenti anatakiwa na kanuni awe na taratibu zilizoandikwa, na ajenti anayefanya jambo kwa mara ya kwanza anatakiwa asaidiwe na mwenye uzoefu wa jambo hilo. Broka asiyeweza kukuonyesha mwongozo huo, aga kwa heshima.

Lipo na swali la pili la kumpima, na hili linatugusa sisi hasa. Wateja wetu wengi watakuambia, "Mwanangu, nitafutie mtaa wenye Waswahili wenzetu." Ni ombi la upendo kabisa. Lakini Sheria ya Haki katika Makazi, ambayo Rais Johnson, mtu wa Texas hii hii, aliisaini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, inakukataza kumwelekeza mtu mtaa fulani kwa ajili ya rangi, dini au asili yake, hata kama nia yako ni njema. Ilitungwa kwa sababu miaka mingi watu weusi walisukumwa upande mmoja wa mji kwa maneno ya upole kama hayo. Mwambie broka: mteja akiniomba hivyo, nimjibu nini? Broka anayeijua kazi atakujibu papo hapo: mwache mteja ataje mwenyewe eneo, bei na umbali wa kwenda kazini au msikitini, wewe umtafutie nyumba kwa vigezo hivyo. Anayecheka na kusema "usijali, kila mtu anafanya", leseni yako itateketea mikononi mwake.

Sasa fedha, kwa ufupi. Chukua nyumba ya dola 300,000, na tuseme mmepatana kamisheni ya asilimia 2.5, kwa kuwa hakuna kiwango kilichowekwa na sheria. Hiyo ni dola 7,500. Kwenye ofisi inayokupa asilimia 70 unabaki na 5,250. Kwenye ile ya asilimia 100 yenye ada ya dola 500 kwa kila nyumba, unabaki na 7,000. Tofauti ni dola 1,750. Mama yule alipoteza 4,000. Mpango wa ajenti kuchukua kamisheni yote na kuchangia gharama za ofisi ndio kampuni ya nyumba ya RE/MAX walioanza nao Denver mwaka 1973, na uliwalenga maajenti wazoefu wenye wateja tayari. Si mpango mbaya. Mwaka wako wa tatu au wa nne huenda ukakufaa sana. Karibu popote utakapokwenda, utalipwa kama mtu aliyejiajiri, hakuna atakayekukatia kodi, kwa hiyo kila hundi itengee fungu la serikali kabla hujatuma nyumbani.

Mwisho kabisa, ulizeni mlango wa kutokea kabla ya kuingia. Nikiondoka, wateja walio katikati ya safari inakuwaje? Kamisheni ya nyumba itakayokamilika nikiwa nimehama, nitapata kiasi gani? Kama kuna timu ndani ya kampuni, kiongozi wa timu anakata ngapi juu ya kile anachokata broka? Majibu yawe kwenye mkataba, na mkataba uende nao nyumbani ukalale nao. Broka anayekutaka usaini hapo hapo mezani amekwisha kujieleza.

Nimeleta nakala za mkataba wa mauzo, ziko pale karibu na chai. Kila mmoja achukue moja, afungue kipengele cha ilani tukisome pamoja, kisha tuanze maswali na yule dada wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu mwanzo.